Kijani Nje, Halua Ndani

Oxon Hill, Maryland
8 Septemba 2025

Kaka Riyadh,

Assalamu alaykum. Nakuandikia barua pepe wala sikupigii simu, kwa sababu nakujua. Kwenye simu utanikatiza kabla sijafika nusu, na mimi leo nataka nifike mwisho.

Nanunua gari. Mpya, ya kwanza mpya tangu nije nchi hii, na mwaka huu ni wa kumi na saba. Nataka kijani iliyokolea kwa nje, na ndani viti vya rangi ya halua. Si nyeusi, si nyeupe, na ukiniletea habari ya kijivu tutakosana. Unaijua pakingi ya kliniki yetu. Nikitoka zamu, nimesimama kutwa na mashine za figo za watu, nakuta magari ya kijivu yamejipanga. Nabonyeza ufunguo hapa, nabonyeza pale, mpaka moja iniitikie. Wiki iliyopita nilihangaika dakika tano na mlango wa gari ya mwenzangu, Nesi Jelagat. Akatoka akanikuta, akadhani namwibia!

Nimekwenda yadi tatu, mbili za huku na moja ya Arlington. Jibu ni hilo hilo: kijani ipo lakini ndani nyeusi tii, au halua ipo lakini nje nyeupe. Mmoja akaniuliza, "Mama, kwani utaendesha rangi?" Nikamwambia ndiyo, nitaendesha rangi, wewe baki na gari zako. Nikaingia mtandaoni nikatafuta mwenyewe, jimbo baada ya jimbo. Iko moja, mji wa Erie, Pennsylvania, mwendo wa saa sita.

Jambo la mwisho. Najua kila gari iliyonunuliwa katika ukoo huu wewe ndiye uliyekwenda kusema bei, na zangu zote mbili ulinitilia saini ya dhamana. Mungu akulipe. Safari hii sitaki saini yako. Usiniulize kwa nini. Nimejipanga.

Nisalimie Nuha na watoto.

Nduguyo,
Yumna


Columbia, Maryland
10 Septemba 2025

Yumna,

Waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako nikiwa ofisini, nikacheka mpaka jamaa wa meza ya jirani akanigeukia. Nje rangi ya mchicha, ndani halua! Hiyo ni gari au ni mkahawa?

Sikiliza, mdogo wangu. Kijivu haionyeshi vumbi. Kijivu haionyeshi ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Na siku ukitaka kuiuza, kila mtu anaitaka. Kijani utamuuzia nani, mbuzi? Halafu kununua jimbo jingine ni balaa tupu, kodi za huku, namba za kule, karatasi zinakwenda na kurudi. Ikisumbua utaisukuma mpaka Pennsylvania?

Na hili la saini limeniuma, sikufichi. Magari kumi na moja nimeyanunulia ukoo huu, tangu ile ya kwanza ya binamu yetu Ziyad, na hakuna hata moja tuliyolipa bei waliyoitaja. Leo wewe, niliyekupokea uwanja wa ndege, unaniambia nikae kando. Nimekukosea nini?

Kazini mambo ni mengi mwezi huu, bosi hanipi pumzi. Lakini nitumie jina la huyo muuzaji na namba ya gari. Nitaangalia tu.

Kaka yako,
Riyadh


Erie, Pennsylvania
13 Septemba 2025

Kwako Bibi Yumna Shee,

Natumai hujambo. Mimi ni Dayo, muuzaji wa magari uliyemwandikia. Ujumbe wako ulikuwa wa Kiingereza, lakini mwishoni uliandika "asante", bila shaka kwa mazoea, nami nikafurahi sana. Nilisoma Kiswahili chuo kikuu kwa miaka minne, kisha nikaishi Mombasa miezi mitatu. Hapa Erie sina mtu wa kuzungumza naye. Tafadhali niruhusu nikuandikie kwa Kiswahili, na ukiona kosa unisahihishe.

Gari lile lipo. Leo asubuhi nililitoa nje ili nilitazame kwa niaba yako. Likiwa kivulini huonekana jeusi. Likipigwa na jua ndipo kijani hutokea. Viti vina rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, na mshono wake ni mweupe. Nimeangalia katika kompyuta. Katika majimbo yote ya upande huu, lenye rangi hizo mbili pamoja ni hili moja tu.

Naomba kuuliza, kama si utovu wa adabu: je, kuna sababu gani ya rangi hizi?

Wako mtiifu,
Dayo


Oxon Hill
15 Septemba 2025

Bwana Dayo,

Mimi sijambo, na wewe? Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha wanangu, ambao nikiwasemesha hunijibu kwa Kiingereza. Kosa nimeliona moja tu. "Wako mtiifu" tulikuwa tukiwaandikia walimu wakuu. Mimi ni mteja. Andika jina lako, yatosha.

Sababu sina. Napenda. Watu wakisikia nataka kijani wanaanza kunitungia hadithi, labda marehemu mumewe aliipenda, labda ni mambo ya dini. Hakuna. Mume wangu yu hai, yuko Mombasa na mke mwingine, na alipenda nyeupe. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Sare nachaguliwa na kliniki, gari nimechaguliwa na kaka yangu, na hata nguo ya harusi alinichagulia mama mkwe. Sasa nimechagua mimi. Ningependa zambarau, ningenunua zambarau.

Halua nadhani uliila Mombasa, huwezi kuikosa. Basi hiyo ndiyo rangi ya viti vyako, uliyoieleza kwa maneno mengi.

Leo nimetuma arubuni. Niwekee, usimwonyeshe mtu. Nitakuja kuichukua Jumamosi ya tarehe nne Oktoba, siku yangu ya mapumziko.

Yumna


Oxon Hill
22 Septemba 2025

Bwana Dayo,

Nimefungua benki kwenye simu asubuhi hii nikakuta arubuni yangu imerudi yote. Hakuna neno, hakuna maelezo. Kuna nini? Nijibu upesi.

Yumna


Erie
22 Septemba 2025

Bi Yumna,

Naandika kwa aibu. Ijumaa na Jumamosi sikuwepo kazini, dada yangu alikuwa anaolewa. Leo nimerudi nikaambiwa kwamba hulitaki tena gari. Sikuamini, nikamwuliza meneja wetu, Mark.

Anasema Ijumaa alipiga simu mwanamume aliyejitambulisha kuwa ni kaka yako. Alilijua jina lako, anwani yako na namba ya gari. Aliomba bei ipunguzwe. Mark akamjibu kwamba haipungui. Ndipo yule bwana akasema, "Basi hatulitaki, mrudishieni arubuni yake, kwaheri," akakata simu. Mark akarudisha arubuni, akaliweka gari sokoni tena.

Jumamosi akaja kulitazama daktari wa meno wa hapa mjini, Dunstan. Amelipenda sana. Hakuacha arubuni, lakini amesema atarudi Jumamosi hii pamoja na mkewe ili watie saini. Nimemwomba Mark akuzuilie. Amekataa. Anasema gari ni la atakayetangulia kukaa mezani na kutia saini.

Ni kweli hulitaki?

Dayo


Oxon Hill
22 Septemba 2025

Riyadh,

Leo sikuiti kaka.

Nilikutumia jina la Dayo uangalie bei. Uliandika kwa mkono wako, "nitaangalia tu." Kumbe ukainua simu, ukanifanya mimi sina mdomo, ukaikataa gari yangu. Yangu! Sasa kuna daktari wa meno anakuja Jumamosi kuichukua. Unafahamu ulichonifanyia? Hakuna nyingine. Dayo ametazama majimbo yote ya huku, ni hiyo moja.

Ulidhani meneja atatoka mbio kutoka Erie aje akuite Columbia? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwetu ukisema "sitaki", muuzaji anajua bado unataka, anakufuata na chai. Hawa ukisema hutaki wanaandika hutaki, wanakurudishia pesa, wanamwita mwingine. Miaka ishirini na tano uko Marekani, hilo hulijui?

Nina hasira, na kesho nina wagonjwa tisa wa kuwachoma sindano. Nataka jibu la swali moja: kwa nini?

Yumna


Columbia
23 Septemba 2025

Yumna,

Nisamehe. Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta.

Ndiyo, nilidhani ataniita. Kumi na moja zote nilizinunua hivyo. Nataja bei yangu, wanakataa, nainuka, naaga kwa adabu, sijafika mlangoni nasikia, "Bwana! Bwana! Hebu subiri kidogo!" Ile ya Ziyad nilifika mpaka nje, nikawasha injini, ndipo wakaja mbio. Basi Ijumaa nilipokata simu nikabaki nayo mkononi, nangoja. Nikangoja mpaka magharibi. Jumamosi nikaiweka kando ya sahani nikila. Haikulia. Nikaona haya kukwambia, nikasema labda Jumatatu.

Unauliza kwa nini. Nilitaka uniambie "ahsante, Kaka", kama zamani. Uliniondolea saini, ukaniondolea na kusema bei, nikajiona si mtu kwako. Nikasema ngoja nimpunguzie hata kidogo, atafurahi, atajua bado nipo. Ni ujinga, najua.

Niambie nifanye nini. Nitakwenda kumpigia magoti huyo daktari wa meno ukitaka.

Riyadh


Oxon Hill
24 Septemba 2025

Riyadh,

Usimpigie mtu magoti, wala simu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wa kuinama hapa ni mimi.

Nimebadilishana zamu na Jelagat. Keshokutwa, Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, uwe mlangoni kwangu. Utanipeleka Erie kwa gari yako. Sala ya Ijumaa itatupita, lakini msafiri ana ruhusa yake, tutasali adhuhuri njiani. Kazini kwako utajua utakavyosema.

Nimemwandikia Dayo kwamba naitaka, niliitaka jana na nitaitaka kesho. Tukifika, mimi nitakaa mezani. Wewe utakaa pale wanapokaa wanaosubiri. Utaletewa kahawa, utakunywa. Mdomo wako siku hiyo ni wa kahawa tu, si wa neno lingine. Ukikubali sharti hilo, njoo. Hukubali, nitapanda basi.

Yumna


Columbia
28 Septemba 2025

Yumna mdogo wangu,

Tangu tuachane juzi nataka nikueleze nilichokiona, maana wewe ulikuwa umenipa mgongo.

Nilikuona umekaa na Mark, karatasi za mkopo wa chama cha akiba cha kazini kwenu umezipanga moja moja. Nikamwona anakusogezea karatasi nyingine. Dayo alinieleza baadaye kwamba ilikuwa ya dawa ya kulinda rangi, ambayo hukuiomba, na Mark anakwambia kompyuta imeshaitia kwenye bei, haitoki. Nikaona umeweka kalamu chini. Umefunga mkoba. Umesema ahsante, umeinuka. Yumna! Ulipita ubavuni mwa gari yako wala hukuitupia jicho. Nilitaka kupiga ukelele, rudi, yule daktari wa meno anakuja kesho! Lakini nilikuahidi. Nikauma kikombe cha karatasi mpaka kahawa ikanimwagikia shati zima.

Dayo anasema Mark alimgeukia akamwuliza, "Huyu atarudi?" Naye akamjibu, "Harudi. Nimeishi kwao." Ndipo nikaona mtu mzima anakimbia, tai imerukia begani. Ulikuwa umeshashika mlango wa gari yangu. Na karatasi ya dawa akaichana mbele yako.

Nikalielewa kosa langu hapo hapo. Kwenye simu hakuna anayeuona mgongo wako. Na wewe hukuwa unatega mtu, ulikuwa unaondoka kweli.

Kisha nikakufuata nyuma mpaka Oxon Hill. Nilikuona hata ulipotangulia magari kumi mbele. Tulipopanda milima ya Pennsylvania jua likaipiga, wallahi ni nzuri. Nasema mimi, mtu wa kijivu.

Tuliposimama kutia mafuta kulikuwa na neno nilitaka kukwambia, sikulisema. Naliandika sasa. Kazi yangu ya Arlington iliisha tangu Machi. Mkataba ulikatwa, tukatolewa watu arobaini siku moja. Sijamwambia Nuha. Kila asubuhi naoga, navaa tai, nachukua chakula, natoka, nazunguka mpaka jioni. Barua yako ya kwanza sikuisomea ofisini. Sina ofisi, sina jamaa wa meza ya jirani, niliisoma ndani ya gari. Walichonipa kuniachisha kazi kinamalizika mwezi ujao. Ndiyo maana ulipoikataa saini yangu niliona hata wewe umeshanidharau.

Tafadhali, ibaki kwako.

Riyadh


Oxon Hill
29 Septemba 2025

Kaka Riyadh,

Najua. Najua tangu Mei.

Jumanne moja bomba la maji lilipasuka kliniki, tukaruhusiwa mapema. Nikapita National Harbor, pale kando ya mto, kutembea kidogo. Nikakuona umeegesha umeelekea mto, tai shingoni, kitambulisho cha kazi kifuani, bakuli la pilau la Nuha mapajani. Saa nne asubuhi. Macho hayana pazia, Kaka. Nikapita kama sikukuona, nikaenda kulia peke yangu kwenye pakingi ya duka la viatu. Wiki iliyofuata nikapita tena. Ulikuwepo, mahali pale pale. Nikaelewa.

Sikukwambia kwa sababu uliamua isijulikane, na mimi si wa kukuvua nguo.

Sasa hili la saini. Mdhamini huulizwa karatasi za mshahara. Ningekuomba saini ungekuja, maana hujawahi kuniambia hapana hata siku moja. Ungekaa mbele ya kijana wa yadi, angekwambia, "Mzee, hebu tuone mshahara wako," na mimi niko pembeni yako natazama. Nilisema moyoni, bora anione nina kiburi. Bora anikasirikie mwaka mzima. Nikaenda chama cha akiba cha kazini, nikafuatilia miezi minne mpaka wakanikubalia mkopo kwa jina langu peke yake.

Basi usiseme tena nilikudharau. Nilishuka uwanja wa Dulles mwezi wa Januari na buibui na ndara, wewe ukaja na koti la sufu mkononi, na soksi umezitia mfukoni. Mimi nikudharau wewe?

Lakini Nuha ni mkeo. Lile bakuli la pilau anakufungia wewe, hamfungii mtu wa Arlington. Umemfanya aamke alfajiri miezi sita kwa ajili ya kazi ambayo haipo, na hilo ni kosa, nakwambia waziwazi. Mwambie leo. Usimwandikie kama ulivyoniandikia mimi. Kaa mbele yake akuone uso.

Nduguyo,
Yumna


Columbia
1 Oktoba 2025

Yumna,

Nimemwambia.

Nilikaa mbele yake jikoni nikamweleza tangu Machi mpaka jana. Kisha akatupa mwiko kwenye sinki, akalia, akanigombeza kwa ajili ya pilau yake niliyoila garini miezi sita ikiwa baridi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kisha akavuta kiti akaja upande wangu wa meza, akasema, "Haya. Tuanzie wapi?"

Leo sikuvaa tai. Tumeshinda tunaandika barua za kuomba kazi, mimi naandika, yeye anasoma na kufuta pale ninapojisifu.

Saa kumi na moja jioni akapiga simu Ziyad. Anataka kubadilisha gari, akaniomba twende Jumamosi nikamsemee bei. Nikampa namba yako. Nikamwambia siku hizi anayesema bei ni Yumna, mwombe kwa adabu, na rangi uchague mwenyewe kabla hujamwita. Akaniuliza, "Na wewe Kaka, una nini?" Nikamjibu, "Mimi sina kazi tangu Machi, natafuta."

Watoto walikuwa sebuleni, Nuha yuko mezani, madirisha wazi. Sikushusha sauti.

Kaka yako,
Riyadh